Bama Haikuwa Kwenye Ubao Wangu

Ninyi mnaoanza kazi hii ya kufundisha Historia, kaeni niwaambie makosa yangu mawili. Dogo kwanza, kwa sababu linachekesha.

Nilipofika shule yetu pale karibu na Mukuyuni, Makueni, chuo kilikuwa bado kinaninukia. Somo langu la kwanza kwa Fomu Foo lilikuwa Vita Vikuu vya Pili. Nikasema nitachora ramani ya dunia ubaoni, wanafunzi waone medani zote mara moja. Nikaanza na Ulaya, upande wa kushoto, kwa sababu kitabu kilianza na Ulaya. Uingereza ikawa kubwa kama gunia la mbaazi. Kufika India, ubao umekwisha. Sasa Japani niiweke wapi? Nikaichora ukutani, karibu na dirisha, kwa chaki nyekundu. Muhula mzima wale watoto walikuwa wakisikia upepo unagonga dirisha, mmoja anasema, "Mwalimu, Wajapani wamefika."

Basi mjue: ramani ya vita hivyo inaanza na Afrika, katikati ya ubao. Weka ngumi mbili kwa upana wa Afrika, tatu kwa bahari mpaka Japani, na dunia yote itaenea. Na ubao wenyewe muutunze. Sisi tulikuwa tunavunja betri kuukuu za redio, tunasaga ule unga mweusi, tunauchanganya na majani mabichi yaliyotwangwa, halafu tunaupaka Jumamosi. Jumatatu chaki inaandika kama inateleza kwa siagi. Siku hizi ubao unanunuliwa tayari, lakini mwalimu anayengoja kununuliwa kila kitu atangoja sana.

Aliyenitoa ujinga alikuwa Mwalimu Njoroge. Alikuwa mtu wa Murang'a, ndugu zake walikuja kufanya biashara kwenye miji ya barabara ya Mombasa, naye akaishia kwetu kufundisha Jiografia na kujifunza kula muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa. Siku moja alikaa nyuma ya darasa langu nikifundisha Stalingrad. Nilimwaga tarehe, majina ya majenerali, idadi ya vifaru. Kengele ilipolia akaniita kando.

"Ndunge," akasema, "wale watoto umewapa tarehe kama dawa ya minyoo. Wamemeza, lakini umeziona nyuso zao?"

"Sasa nifanye nini, Mwalimu?"

"Waulize nani alikuwa na njaa. Nani alikuwa na kiu. Chakula kilikuwa kinapitia njia gani, na nani aliifunga hiyo njia. Vita ni hivyo tu. Hayo mengine ni majina."

Nikajaribu. El Alamein nikaifundisha kwa kiu na petroli: jangwa, njia ndefu, na jenerali wa Wajerumani aliyekuwa na vifaru lakini mafuta yako mbali nyuma yake. Kijana mmoja akainua mkono akasema, "Mwalimu, kumbe alikuwa kama sisi Septemba. Punda wako, mitungi iko, lakini mto umekimbia."  Watoto wa Makueni hawafundishwi kiu.

Njaa ya Stalingrad pia waliielewa upesi. Lakini baridi! Utamwambia nini mtoto wa Mukuyuni kuhusu baridi ya kugandisha mafuta ndani ya gari? Tulipoenda kutembelea kituo cha utafiti wa kilimo pale Kiboko, nikaomba hoteli moja ya barabarani watupe barafu. Wakatupa bonge. Nikamwambia kila mwanafunzi alishike kwa kiganja nikihesabu mpaka sitini. Hakuna aliyefika arobaini. "Mwalimu, inachoma!" Nikawaambia, "Sasa hebu wazia unalala ndani yake, na bunduki yako imeganda." Darasa lile hata leo ukilikuta sokoni, wazee wazima, ukitaja Stalingrad wanajipangusa viganja.

Kwa hivyo nikajiona bingwa. Urusi nilikuwa nayo, Afrika Kaskazini nilikuwa nayo, Normandi nilikuwa naipanga kwa maharagwe sakafuni, na Pasifiki sikuichora tena ukutani. Hapo ndipo likaja lile kosa kubwa.

Kulikuwa na msichana anaitwa Mutheu, mpole, anakaa mstari wa pili. Siku hiyo nimemaliza kuorodhesha medani zote ubaoni, akainua mkono.

"Mwalimu, na Bama?"

"Bama ni nini?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Ni kule babu yangu alipigana."

"Inaitwa Burma," nikasema. "Kwenye kitabu ni mistari michache tu, na mtihani hauiulizi. Kaa chini." Na kama hiyo haikutosha, nikaongeza maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasikia joto shingoni. Nikasema, "Vita hivi vilikuwa vya Wazungu na Wajapani. Watu wetu walibeba mizigo tu."

Mutheu akakaa. Akafunga daftari lake, akaweka mikono juu yake.

Siku mbili baadaye, saa ya chai, Mwalimu Njoroge alikuwa amesimama kwenye dirisha la ofisi ya walimu. Akaita bila kugeuka, "Ndunge, njoo. Vita vyako vimekuja."

Nikachungulia. Getini kulikuwa na mzee amevaa koti refu zito la jeshi, jua la kufanya mbuzi watafute kivuli. Mguu mmoja alikuwa anauburuta kidogo. Nikajua ni babu yake Mutheu kabla sijaambiwa. Nilitoka kwenda kumlaki. Akanisalimia kwa Kikamba, nikaitikia kama mtoto anavyomwitikia mzee.

"Wewe ndiye mwalimu wa Mutheu?"

"Ndiyo, mzee. Yale maneno niliyosema darasani, mimi..."

Akainua mkono. "Sikuja kwa sababu ya maneno. Mimi naitwa Munyao. Mtoto ameniambia hapa kuna ramani."

"Iko."

"Nataka kuona nilikuwa wapi."

Sikumwelewa. "Lakini mzee, si ulikuwa huko mwenyewe?"

"Nilikuwa. Lakini ramani ilikuwa ya ofisa. Sisi tunaambiwa pandeni meli, tunapanda. Shukeni, tunashuka. Siku ngapi baharini sijui, nilikuwa natapika. Nimetembea kwa hiyo nchi kwa miguu, Mwalimu, na sijui iko upande gani wa nyumba yangu."

Tukaingia ofisini. Nikafungua atlasi mezani, Njoroge akasogeza vikombe. Mzee hakujua kusoma, kwa hivyo nilianza Mombasa nikawa nasoma jina moja moja nikisogeza kidole chake. Tulipofika Kolombo akasema, "Eee, hapo kuna minazi, tulifundishwa porini hapo." Nikapanda juu, nikaingia mpakani mwa India na Burma, nikasoma, "Tamu."

Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, Njoroge akampa maji.

"Tamu! Mwalimu, hilo jina tulilicheka sana. Tamu hapakuwa na utamu. Matope mpaka hapa," akagusa paja. "Na kwingine walikuwa wanaita Kalewa. Tukawa tunaambiana, huko mbele kumbe kuna pombe. Tumefika Kalewa, hakuna aliyelewa."

Sisi wote tukacheka. Nikarudisha kidole kati ya Tamu na Kalewa, nikasoma jina la bonde. "Kabaw."

Kicheko kikakatika. Kidole chake kilikuwa kinene, kimefunika bonde lote kutoka juu mpaka chini, na hakukiondoa.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo nilimwacha Kyalo."

Kyalo alikuwa mtu wa Tulia, kule Kitui. Waliandikwa siku moja, wakafundishwa pamoja, wakala sahani moja. Alikuwa ameacha nyumbani mke wa miezi michache, Syombua, na mimba. Hayo Mzee Munyao alituambia polepole, macho yakiwa kwenye karatasi. Kisha akaniangalia.

"Nataka unichoree hii kubwa. Halafu twende na wewe Tulia kwa huyo mama. Nikienda peke yangu hataniamini."

"Kwa nini asikuamini?"

"Kwa sababu mara ya kwanza niliwadanganya."

Nikamwambia tutaenda likizo.

Lakini kabla hatujaenda popote, nilimwomba aingie darasani kwangu. Nilisimama mbele ya wanafunzi nikamwomba Mutheu radhi, kwa jina. Msiogope kufanya hivyo. Nilidhani heshima yangu itaanguka, na tangu siku hiyo darasa lile halikunipigia kelele tena. Halafu nikampa Mzee chaki, akaishika kama sigara, na akafundisha vipindi viwili bila kuandika hata herufi. Aliwaambia habari za ruba waliokuwa wanaingia ndani ya viatu. Habari za vidonge vya homa vilivyowageuza macho na ngozi kuwa manjano. Habari za chakula kilichodondoshwa na ndege kwa mwavuli, na jinsi gunia la mchele lilivyomwangukia nyumbu mmoja likamuua, wakalia kwa sababu nyumbu huyo walimpenda. Mimi nikiwa nyuma nikaona kitu: alikuwa anafundisha kama alivyonielekeza Njoroge. Njaa, kiu, njia.

Mvulana mmoja akauliza, "Babu, uliua Wajapani wangapi?"

Mzee akafikiri. "Nilipiga risasi kwa majani. Majani nayo yakanipiga. Nani alimuua nani, majani ndiyo yanajua."

Likizo ya Agosti ilipofika nilichora ramani kwenye kitambaa cha marekani, upana wa meza. Afrika yetu upande mmoja, bahari, India, na Bama pembeni, safari hii ikiwa na nafasi yake yote. Mukuyuni na Tulia niliziweka pia, ingawa kwa ukubwa ule zilitaka kugusana. Tukapanda basi mpaka Kitui, tukalala kwa shangazi yangu, na asubuhi tukaenda Tulia. Mzee alikuwa amevaa lile koti. Njia yote alisema neno moja tu: "Labda amehama."

Hakuwa amehama. Nyumba yake ilikuwa mbele kidogo ya soko, ua umefagiwa vizuri. Tulimkuta Syombua amekaa kwa mkeka anasuka kiondo. Nilikuwa nimewazia bibi kizee, kumbe alikuwa mama mwenye nguvu zake, hajafika hamsini. Binti yake, Mbithe, ambaye Kyalo hakumwona, alitoka ndani kutuletea viti.

Syombua alimwangalia Mzee mara moja. "Munyao," akasema, na akarudisha macho kwa kiondo. "Umezeeka."

"Nimezeeka, Mama Mbithe."

"Umekuja kutuambia hadithi ya tatu?"

 Lakini Mzee alikaa, akaweka kofia gotini.

"Nimekuja na ya kweli," akasema. "Miaka ile nilipotoka vitani nilikuja hapa nikamwambia mama yake kwamba Kyalo alipigwa risasi akiwa mbele ya wenzake. Unakumbuka."

"Nakumbuka. Na mwezi mmoja baadaye akapita askari mwingine akasema ni ugonjwa. Na mama akamuuliza ni wapi, akasema hajui. Na wewe tulipokuuliza ni wapi, ulisema ni mbali." Vidole vyake havikuacha kusuka. "Mimi nilikuwa msichana, Munyao. Nikajiambia, watu wawili wanasema vifo viwili vya mtu mmoja, na hakuna anayejua kaburi. Basi huyo mtu hajafa. Ameona wanawake wa huko, amekataa kurudi, na marafiki zake wanamfichia. Hivyo ndivyo nimeishi. Walikuja watu kunitaka. Nikasema mimi nina mume, ila hanitaki."

Mbithe aliyekuwa amesimama mlangoni alifunika mdomo kwa leso. Nadhani hata yeye hakuwa amewahi kuyasikia hayo.

Mzee Munyao alilia. Hakulia kwa sauti, ni machozi tu yakifuata mikunjo. Akasema, "Alikufa kwa kuhara. Kuhara damu na homa. Siku nne. Nilimbeba siku mbili, mimi na wengine kwa zamu, matope yanatushika miguu. Ya tatu alikuwa mwepesi, nikambeba peke yangu. Niliona aibu. Ningemwambiaje mama yake kwamba mwanaume mzima, askari, amekufa hivyo? Nikamtafutia kifo kizuri. Sikujua nakuachia wewe mzigo."

  Syombua akaweka kiondo chini.

"Ulimzika?"

"Nilimzika mwenyewe. Chini ya mti mkubwa, kando ya njia. Nikamfunika na turubai yangu ya mvua. Mvua ilikuwa inanyesha, na sikutaka imguse."

"Wapi?"

Mzee akanigeukia, na hapo nikakumbuka kwa nini niliitwa. Nikatandaza kitambaa kwenye mkeka. Nikapiga magoti kando ya Syombua, nikamwita mama kwa Kikamba, nikamwonyesha. "Mwaitu, hapa ni Tulia. Hapa Mombasa, ndipo walipanda meli. Hii yote ni bahari. Hapa Kolombo. Na hapa," nikaweka kidole bondeni, "ndipo."

Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akachomoa uzi wa katani kutoka kwa kiondo, akaushika ncha moja pale Tulia, akaunyoosha mpaka Mombasa. Urefu wa ukucha. Akafunga fundo dogo hapo. Halafu akaanza kuusogeza uzi ule juu ya bahari, fundo kwa fundo, akihesabu kwa Kikamba chini ya pumzi, Mombasa moja, Mombasa mbili, Mombasa tatu. Alipita kumi akiwa bado majini. Alipofika bondeni akaacha kuhesabu.

"Na hapo katikati hakuna njia ya miguu?"

"Hakuna, mwaitu."

Akaketi wima. Uso wake ulifanya kitu ambacho siwezi kuwaeleza vizuri, kama mtu anayetua mtungi ambao alikuwa amesahau kwamba ameubeba.

"Kumbe ni mbali kweli," akasema. Na kisha, kwa sauti ndogo, kama ya yule msichana aliyeachwa: "Mbithe, baba yako hakutukataa."

Hapo ndipo akalia, na Mbithe akaja kumshika, na mimi nikatoka nikaenda kuangalia kuku. Kuna mambo ya kusoma na kuna mambo ya kuacha wenyewe wasome.

Baadaye tulikula. Jumamosi iliyofuata katekista aliitwa, majirani wakakaa uani, Kyalo akaombewa kwa jina lake na Munyao akasimulia yote tena mbele ya watu, kuhara na matope na turubai, bila kuficha. Sisi tulikuwa tumebaki kwa ajili hiyo. Siku ya kuondoka nilianza kukunja ramani yangu. Syombua akanishika mkono.

"Hiyo unaipeleka wapi?"

"Shuleni, mwaitu. Nifundishie."

"Wewe umesoma," akasema. "Jichoree nyingine."

Nikamwachia. Ilinichukua wiki mbili kuchora ya pili, na niseme ukweli, ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa nilijua lile bonde linapinda wapi. Niliifundishia kila mwaka mpaka nilipostaafu. Mnaweza kuniuliza kama mtihani uliwahi kuiuliza Bama. Mwaka ule haukuuliza. Wala uliofuata. Mutheu alifaulu hata hivyo, na sasa yeye mwenyewe ni mwalimu, na nimesikia huwa anaanza vita kutoka Mombasa.

Kila mwaka baada ya mbaazi kuvunwa, Mzee Munyao alikuwa akienda Tulia na gunia, na mwaka mwingine Syombua akija Mukuyuni na asali. Hata wakati wa ile njaa mbaya tuliyoiita Nikw'a Ngwete, ambayo mtu alikuwa na pesa mkononi na hakuna cha kununua, walitumiana walichokuwa nacho. Mzee alikufa miaka michache baada ya njaa hiyo, kitandani kwake, wajukuu wamemzunguka.

Tulimzika kwake, karibu na Mukuyuni. Watu walikuwa wengi. Mwongozaji wa mazishi akauliza kama kuna mwingine wa jamaa anayetaka kusema neno, na mama mmoja kutoka nyuma akasimama, akatembea taratibu mpaka mbele. Watu wakaanza kunong'ona, huyu ni nani? Mwongozaji akamwomba ajitambulishe.

"Mimi ni mjane wa Kyalo wa Tulia," Syombua akasema. "Huyu mzee alinidanganya mara moja, kwa sababu alimpenda mume wangu. Halafu akatoka hapa na mguu mbovu akaja kuniambia ukweli." Akawageukia vijana walioshika majembe. "Mzikeni vizuri. Yeye alimzika wangu."